Vitanda Vyangu Havina Shuka

Kijijini kando ya hori, Uingereza
Mwezi wa Tatu, mvua ya baridi

Mdogo wangu Tabitha,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana najua siku hizi hukai. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mahindi ya bondeni yamesalimika, au nguruwe wameyawahi kama mwaka ule? Migomba nyuma ya nyumba je? Nauliza mambo mengi ya shambani kwa sababu naogopa kuuliza lile moja. Mimi mwili wangu ni mzima, nakula, nalala, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo, ingawa viwili vimepasuka kwa baridi. Ya moyoni utayasoma huko mbele.

Barua hii isome peke yako, jikoni, kisha uitie motoni.

Yako imenifikia Jumanne iliyopita ikiwa imelowa pembe moja. Nimeisoma nimesimama bandani, mikono ina tope, nikawa naishika kwa ncha za vidole ili nisiichafue. Umeniambia kidonda cha baba kimefika mfupani. Umeniambia dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Vwawa, alishindwa, na daktari wa misheni akaja mwenyewe mpaka nyumbani Hasamba, akasema mguu ukatwe chini ya goti, tena mapema, la sivyo baba hataiona kahawa ya mwaka huu ikichumwa. Na umeniandikia maneno ya baba kama alivyoyasema, wala hukuyapunguza: "Nina mtoto anayetibu Wazungu huko kwao. Mguu wangu hauguswi na mtu baki. Kama ni kukatwa, nitakatwa na mkono wa mwanangu. Mwandikieni Eliya aje anilaze kwenye vitanda vyake."

Chini kabisa ukaongeza kwa mwandiko mdogo: "Kaka, njoo, au sema neno. Wewe ndiye mwenye ujuzi."

Nikaketi juu ya magunia.

Tabitha, mimi si daktari. Si dresa. Hata kufagia hospitali sijawahi. Nimeona niandike hivyo upesi kabla mkono haujapoa, maana nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka karatasi iishe, na kwa kuzunguka mimi ni hodari, unanijua.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa mara ya kwanza tangu nifike huku. Kuna mdudu wa baharini anaitwa chaza. Anaishi ndani ya ganda gumu la vipande viwili, amejibana humo, laini, hana uso wala miguu. Ukimwona utasema ni konokono aliyejifungia mlango. Wazungu wanamla. Tena hawampiki. Wanapasua ganda kwa kisu kifupi, wanamkamulia ndimu, wanammeza akiwa hai. Najua sasa hivi umefunga mdomo kwa kiganja. Kwetu hata bata tunamtilia shaka. Mimi ndiye ninayewavua wadudu hao. Tunatoka na mashua kabla jua halijachomoza, tunaburuta kokoro la chuma chini ya maji, tunalivuta juu kwa mikono, tunamwaga tope na mawe na magamba sitahani, kisha tunapiga magoti tunachagua. Mdogo anayepita kwenye pete ya shaba anarudishwa majini akakue. Mkubwa anatiwa guniani. Siku nzima ni kupiga magoti, kuliko hata tulivyopiga magoti kwa Mwalimu wa kanisa.

Na mahali wanapolala chaza hao, chini ya bahari, Wazungu wanapaita kitanda. Kila eneo ni kitanda. Kitanda cha kaskazini, kitanda cha mkondoni, kitanda kikuukuu.

Umeanza kuona?

Nilipopata kazi hii niliona haya. Mtoto wa mzee wa kanisa, aliyesoma mpaka darasa la sita, anachambua konokono kwa ajili ya matumbo ya watu. Kwa hiyo nilipowaandikia barua ile ya kwanza niliruka jina la mdudu. Nikaandika hivi, nayakumbuka maneno yote: "Nimepata kazi nzuri. Nafanya kazi kwenye vitanda. Kila asubuhi tunavikagua, walio hai tunawaweka upande huu, waliokufa tunawatupa. Wadogo tunawarudisha wakakue kwanza. Wengine tunawagonga tusikie kama bado wana uhai." Mimi nilikuwa nawaza chaza. Naapa sikuwaza zaidi. Lakini Mwalimu alipoisoma uani baada ya ibada, kama anavyosomaga barua zote za watu waliotoka, watu walisikia hospitali. Lugha yetu ndivyo ilivyo, mdudu aliye hai na mtu aliye hai wote ni "walio hai".

Majibu yake yalikuja kwa mwandiko wa Mwalimu. "Baba yako alisimama mbele ya watu wote akatoa kofia. Alisema, Bwana amemrudisha Eliya kwenye njia aliyoikimbia. Mama yako alilia. Tunakuombea usiambukizwe, maana tumeona kwamba huko wanakufa wengi hata kutupwa."

Wewe ulikuwa mdogo wakati ule, labda hukumbuki niliikimbia njia gani. Misheni walikuwa wamenichagua nikajifunze udresa. Baba alizunguka Hasamba nzima akiwatangazia watu, akamshonea mama gauni. Siku ya pili tu ya mafunzo waliletewa mtu aliyekatwa na shoka, mimi nikaona damu nikaanguka chali mbele ya wauguzi. Walinicheka. Usiku huohuo nikashika barabara ya Tunduma kwa miguu, nikavuka mpaka, nikaenda Kopabelti kwenye migodi ya shaba bila kuaga. Kutoka huko nikateremka mpaka Beira, nikawa mchochea makaa melini. Baba hakunifuata wala hakunilaani. Alimwambia mjomba, "Mwanangu amekwenda kuutafuta moyo wake, akiupata atarudi." Maneno hayo aliniambia mjomba mwenyewe tulipokutana baadaye ng'ambo ya mpaka alikokuja kuuza chumvi, na yamenikaa shingoni tangu wakati huo.

Kwa hiyo barua ya Mwalimu iliponifikia, baba ametoa kofia, mama amelia, ningeandikaje tena kwamba ni konokono? Nilisema nitaandika mwezi ujao. Mwezi ujao nikasema Krismasi. Unajua kitanda pekee cha hospitali nilichowahi kukijua? Ni kile nilicholazwa mimi mwenyewe nilipotolewa melini nikiwa na homa ya mapafu, meli ikaondoka ikaniacha. Ndiyo maana katika barua zilizofuata nilijua kuwaandikia habari za shuka nyeupe na wauguzi wenye kofia. Nilivitazama nikiwa nimelala chali.

Halafu nikaongeza dhambi juu ya dhambi. Hapa siku ya kufungua msimu watu wa bandani huvaa makoti meupe, maana wakubwa huja kuonja. Akaja mpiga picha. Nikajipanga mbele yake, koti limenikaa, mikono nyuma ili tope lisionekane. Nikawatumia picha ile. Nyuma nikaandika, "Eliya kazini." Sikusema kazi gani, nikajidanganya kwamba nisiposema sijadanganya. Mama aliitia kwenye fremu. Nasikia iko ukutani karibu na picha ya Mfalme. Nikifikiria ukuta ule nataka ardhi ipasuke.

Sasa nifike penye mguu.

Mwaka jana Mwalimu aliandika kwamba baba amejikata na jembe kwenye ugoko akipalilia kahawa, kidonda hakifungi, na baba anauliza mwanawe anashauri nini. Tabitha, pale ndipo palikuwa mlango. Ningesema tu, baba nenda kwa dresa, mimi sijui. Neno moja. Badala yake niliketi mezani kwa mama mwenye nyumba nikaandika kama bwana mkubwa: kidonda kioshwe kwa maji ya moto yenye chumvi kali, kisha kifungwe kitambaa, na kitambaa kisifunguliwe mpaka siku saba. Nilitoa wapi elimu hiyo? Magamba ya chaza yanakata kama wembe, sisi wavuvi tukikatwa tunatumbukiza mkono baharini, tunafunga tambara, tunaendelea na kazi. Hiyo ndiyo hospitali niliyosomea. Mikato yetu midogo inapona. Nikaichukua dawa ya vidole vya wavuvi nikampa baba yangu mwenye donda la shambani Mbozi, kwenye mbolea na joto.

Na baba alitii. Umesema alipokwenda zahanati Vwawa mara ya kwanza dresa alitaka kufungua kitambaa, baba akauzuia mkono wake akasema, "Bado siku nne. Mwanangu amesema saba." Niliposoma hapo sikuweza kuendelea. Dresa angekiona mapema. Aliyemfungia mlango ni mimi, nikiwa ng'ambo ya bahari, kwa kalamu.

Huku kuna namna ya kumjua chaza mzima. Unachukua wawili unawagonganisha. Akiwa mzima mlio wake ni mzito kama wa jiwe. Lakini kuna yule aliyekufa zamani, ndani hakuna kitu, tope limejaa na ganda limejifunga vizuri kabisa. Kwa macho ni mzuri kuliko hata wenzake. Huyo akiingia guniani anaozesha gunia zima, na mnunuzi analirudisha lote. Ndivyo nilivyofanya kwenye mguu wa baba, nikafunga tope ndani.

Nilikuandikia barua nyingine Jumanne ileile, ukweli nikuambie. Niliandika kama daktari: "Namwamuru baba aende hospitali mara moja." Nikaona nimeshinda, baba atapona na mimi nitabaki kwenye fremu. Kisha nikasoma yako tena, pale baba anaposema hauguswi na mtu baki. Nikaelewa kwamba daktari Eliya akiamuru, baba atajibu, basi daktari Eliya na aje. Atakaa kitandani kwake akiningoja, sumu inapanda. Uongo ule ndio uliomkalisha pale, hauwezi kumwinua. Barua hiyo bado iko chini ya godoro langu.

Nikakaa nayo siku mbili bila kujua la kufanya. Aliyenifungua ni mzee mwenye mashua, naye hakujua kwamba ananifungua. Tumwite Mzee Hari, ndivyo ninavyomwita. Ni mzee mfupi mwenye sauti ya kukoroma, amevua chaza tangu ana miaka tisa. Ndiye aliyenipa kazi wakati wengine hapa kijijini walikuwa wananitazama tu kama ndege aliyepotea. Anapenda kusimulia habari za zamani. Anasema enzi za babu yake chaza alikuwa chakula cha maskini, kama sisi na maharage. Mashua zilijaa horini mpaka mtoto aliweza kuvuka upande wa pili kwa kuruka kutoka moja hadi nyingine, na kila jioni gari moshi lilipakia magunia kwenda London, chaza wakafika wakiwa bado hai. Leo mashua zimebaki nne. Chaza wamekuwa chakula cha matajiri kwa sababu hawapatikani. Ukishusha kokoro unapandisha magamba matupu na nyota za baharini. Mabaharia wanaotoka kwa Wafaransa na Waholanzi wanasimulia hayohayo, kwamba chaza wa porini wanapungua kila msimu, na wenye akili wameanza kuwapanda kwenye maeneo yao kama mtu anavyopanda kahawa. Waliobaki kwa wingi ni kome, wale weusi wanaong'ang'ania mawe, na vijidudu vingine vya mchangani, na watu wengi wamehamia huko.

Nilidhani sababu ni baridi. Kulikuwa na kipupwe kimoja baada ya vita vya Hitla, bahari yenyewe iliganda kingoni, na chaza walikufa wengi. Wengine wanamlaumu konokono mgeni aliyekuja na meli, ana ulimi kama keekee, anatoboa ganda na kumnyonya mwenye nyumba. Vyote ni kweli. Lakini leo Alhamisi tulishusha kokoro kitanda kikuukuu mara sita, mara zote sita tope. Mzee Hari akazima injini. Akakaa juu ya ndoo.

"Hiki nimekiua mimi," akasema.

Nikamwambia, "Baridi, mzee."

"Baridi iliua nusu. Nusu nyingine nimeiua kwa mdomo."

Akaniambia. Kila mwisho wa msimu huja bwana wa serikali anayeshughulikia uvuvi, ana daftari, anamwuliza kila mwenye mashua amepata magunia mangapi. Wakiona magunia yanapungua sana, wanakipumzisha kitanda, hakuna kokoro mpaka wadogo wakue. Baada ya baridi ile, yule bwana aliwauliza wote wakiwa wamesimama pamoja gatini. Mzee Hari alikuwa amepata kidogo kuliko wote, na yeye ndiye aliyekuwa akisifika kwa kujua bahari. Akaona haya mbele ya vijana. Akataja hesabu ya zamani. Waliomfuata nao wakaogopa kuonekana wavivu, wakataja kubwa vilevile. Daftari likaandika kwamba kitanda ni kizima. Hakikupumzishwa. Wakaendelea kukikwangua miaka yote hii, mpaka leo.

"Nilikuwa na nafasi kila mwaka kumwambia ukweli yule kijana na daftari lake," akasema. "Kila mwaka ilikuwa vigumu kuliko uliotangulia. Sasa nitamwambia, lakini hakuna chaza wa kumpumzisha."

Nilishika kamba ya kokoro nisiivute, naye akadhani ni baridi imenishika, akanipa chai yake. Nilikuwa nawaza, baba bado yupo. Kitanda cha mzee kimekwisha lakini baba yangu bado anaongea, bado anakataa, bado ana goti. Nikamwambia Mzee Hari yote, vitanda, picha, chumvi, siku saba. Nilidhani atacheka kuhusu vitanda. Hakucheka. Akasema, "Basi leo hatuvui tena. Rudi ukaandike." Akawasha injini.

Kwa hiyo naandika. Na nimefika hapa nikatazama nyuma nikaona ule mstari wa juu nilipokuambia usome peke yako jikoni uitie motoni. Nimeukata kwa wino, utauona. Bado nilikuwa natafuta pa kujificha, dada yangu, hata ndani ya kukiri. Nilitaka wewe ubebe siri yangu na kumshawishi baba kwa maneno yako. Hapana. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe sitaki kukisikia. Barua za uongo zilisomwa uani mbele ya watu, hii nayo isomwe palepale. Mpe Mwalimu aisome yote tangu mwanzo, pamoja na konokono. Kama baba hawezi kutolewa nje, watu waingie ndani. Ukimaliza kucheka kidogo au kulia, piga mbio kamwite Mwalimu, usingoje Jumapili.

Sasa nasema na baba.

Shikamoo baba. Umesikia. Mwanao Eliya hajawahi kumtibu mtu. Ule udaktari uliojivunia ni maneno ya karatasi, na nilikuacha ujivune mbele ya watu wazima wenzako. Nakuomba radhi, na najua radhi haiponyi mfupa. Ile dawa ya chumvi niliitunga. Nakusihi, chochote nilichokuambia kuhusu mguu wako kifutwe kama hakikusemwa.

Ulisema hauguswi na mtu baki. Baba, kwa kazi hiyo mtu baki ni mimi. Daktari wa misheni ametembea kwenye tope mpaka mlangoni pako kukutazama, na mimi mwanao nilikaa kwenye kiti nikakuandikia uongo. Nani hapo wa ukoo? Ukinisubiri mimi nikukate, utakuwa unamsubiri yule aliyeanguka chali kwa damu ya mtu mwingine. Ningeiona yako ningekufa kabla yako.

Ukasema nije nikulaze kwenye vitanda vyangu. Vitanda vyangu havina shuka, baba. Viko chini ya maji ya baridi, vina tope na magamba matupu, na hakuna anayelala humo akapona. Cha misheni kina shuka na mtu wa kukugeuza usiku. Kubali kulala hicho. Kubali mguu uende, goti libaki. Mtu wa mguu mmoja anaweza kukaa mlangoni akasimamia kahawa na kumtukana mwanawe atakaporudi. Nataka kuyasikia matusi hayo. Nimeyafanyia kazi miaka mingi.

Tabitha, vijana wa jirani watengeneze machela, wambebe mpaka barabarani Vwawa, lori litakalopita lolote lisimamishwe. Asiporidhika leo, msomeeni tena kesho. Picha ile itoeni ukutani, wala msiitupe. Ipelekeni hospitali mumwonyeshe daktari, mwambieni huyu ndiye aliyesema siku saba, ajue ni nini kilichowekwa kwenye kidonda na kwa muda gani. Huenda ikamsaidia. Kwa mara ya kwanza picha ile itafanya kazi hospitalini.

Msimu wa chaza unafungwa mwezi ujao. Mzee Hari amesema ataniandikia barua nipeleke melini, wanitafutie nafasi ya kuchochea makaa mpaka Dar es Salaam au Beira. Nakuja. Lakini sikilizeni sana hapa: ni mwendo mrefu, msinisubiri. Atakayenisubiri kwa mguu ule atakuwa ananiua na mimi.

Nisalimie mama, mwambie asinikingie kifua mbele ya watu kama kawaida yake, safari hii aniache nisemwe. Msalimie shangazi yetu wa Nanyala aliyenifundisha kuogelea kwenye kijito, mwambie ndiyo elimu pekee iliyonifaa huku. Mjomba wa Tunduma anayeuza chumvi na vitambaa ng'ambo ya mpaka, mpe salamu yangu ya kikwetu, "mulishani", na umwambie moyo niliotumwa kuutafuta nimeuona leo, ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Shemeji yangu mtarajiwa yule fundi wa baiskeli nimesikia habari zake, asidhani umbali umenizuia kumchunguza. Mwalimu wa kanisa nampa heshima zake, na samahani kwa kumfanya asome uongo kwa sauti nzuri vile. Dresa wa Vwawa aliyezuiwa mkono, mpe mkono wangu.

Nawe mdogo wangu, pole kwa kuamka usiku kwa ajili ya kosa langu. Barua hii inakwenda kwa ndege, si kwa meli. Ikifika, usiipanguse tope. Ni la kazini.

Ni mimi kaka yako, na mwana wa baba kama bado ananitaka,

Eliya, mvuvi wa chaza.